Barua ya wazi kwa madiwani wa Msalala: tupimwe na ubongo

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Wilaya ya Msalala,
Ntobo.



Naandika kutoka Bugarama, kata ambayo kwenye makabrasha yenu hutajwa pamoja na mgodi wa Bulyanhulu, na ambayo sisi wakazi wake tunaijua zaidi kwa kelele za makarasha na vumbi lake. Nafundisha shule ya msingi. Si daktari wala mwanasiasa, na sina kikundi kilichonituma.

Ombi langu nalitaja mapema ili msipate kazi ya kulitafuta. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inaitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Katika mpango huo naomba muingize huduma ya kupima utendaji wa ubongo kwa watu wazima na watoto, pamoja na tiba inayofuata baada ya kipimo. Sijasema hospitali mpya, wala mashine ya kupiga picha kichwa. Nataka chumba kimoja katika kituo cha afya, mtaalamu mmoja aliyesomea kazi hiyo, na vifaa ambavyo baadhi yake vinapatikana dukani kwa Mangi kwa shilingi mia.

Hiyo shilingi mia si utani. Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, lilipeleka wataalamu Rwamagasa, kwa jirani zetu wa Geita, kuchunguza afya ya wanaochenjua dhahabu kwa zebaki. Walipimwa watu wapatao 180 wa Rwamagasa, na wengine wa Katoro kwa ajili ya kulinganisha. Walitolewa damu, mkojo na nywele, kama mnavyotarajia. Lakini pia walikalishwa mezani, mmoja mmoja, wakapewa majaribio ambayo mtu akipita dirishani angedhani ni michezo ya watoto.

Jaribio mojawapo lilikuwa la kiberiti. Kisanduku kinawekwa wazi mbele yako, na njiti 20 zinapangwa mezani, nusu kushoto na nusu kulia. Unatakiwa kuzirudisha ndani moja moja, mkono wa kushoto ukipokezana na wa kulia, huku mpimaji akitazama saa. Jaribio jingine ni la penseli: unagonga nukta kwenye karatasi kwa sekunde kumi, kisha zinahesabiwa. Jingine ni kuchora mstari kati ya mistari miwili bila kuigusa. Na jingine ni kusikia tarakimu na kuzirudia, kwanza chache, halafu zinaongezwa mpaka zikushinde. Kwa saa moja ya namna hiyo, mtu anayejua anachokitafuta anaona kama vidole vinatii, kama macho na mkono vinaelewana, na kama kumbukumbu ya muda mfupi bado inashika.

Wachomaji wengi wa dhahabu walikutwa na dalili zinazojulikana za sumu ya zebaki: mikono inayotetemeka, mwendo wa kuyumba, mate kujaa mdomoni, ladha ya chuma. Na katika baadhi ya majaribio ya mezani, watu wa Rwamagasa walifanya vibaya kuliko wa Katoro. Taarifa ikaandikwa na wanasayansi wakaisoma. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti nyingine kuhusu watoto wanaofanya kazi na kushika zebaki katika migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na mwaka 2020 ikauridhia.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tumekwisha kupimwa. Tulipimwa ili dunia ijue, na dunia imejua. Ambacho sijakiona hapa ni kipimo kinachofanywa kwa faida ya anayepimwa, kwamba Juma aingie chumbani na tatizo lake, atoke akiwa anajua lina jina gani na kesho afanye nini.

Wengi wenu mmekulia maeneo haya, kwa hiyo sitaeleza mwalo wa kuchenjulia dhahabu ulivyo. Nawakumbusha tu mwisho wa kazi, pale donge la zebaki na dhahabu linapowekwa kwenye koleo au kopo juu ya mkaa. Mara nyingi si mwaloni. Ni uani nyumbani, kwa sababu mwaloni kuna macho mengi na dhahabu ina wenyewe. Zebaki inageuka mvuke usio na rangi wala harufu. Sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa, takriban asilimia 80, hubaki mwilini, na kutoka kwenye mapafu unasafiri na damu mpaka kwenye ubongo. Kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Nimeona jiko la kuchomea na jiko la ugali yakiwa hatua tatu kutoka moja hadi jingine, na mtoto mgongoni. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa na kazi mbili za moto, akaziweka karibu.

Namfahamu mzee mmoja, zamani mchomaji hodari, ambaye kikundi chake cha VICOBA kimemruhusu aweke dole gumba badala ya sahihi ingawa amesoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kalamu ikigusa karatasi inaanza kucheza. Anasahau marejesho, anagombana na watu aliozoeana nao, usiku hapati usingizi. Wenzake wanasema ni gongo. Huenda ni gongo kweli. Huenda ni zebaki, au ugonjwa wa Parkinson, au sonona, au mawili kati ya hayo kwa pamoja. Kila moja lina njia yake, na baadhi yana dawa. Zahanati walimpima malaria, na malaria hakuwa nayo, akaambiwa apumzike.

Sasa nije darasani, ambako nina uzoefu zaidi.

Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa zenye selimundu kwa wingi katika nchi ambayo kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo. Wazazi wanayajua maumivu ya mifupa na wanajua kuongezewa damu. Wachache wanajua kwamba selimundu hupiga pia ubongo kimyakimya: vimishipa vidogo vinaziba, sehemu ndogo ya ubongo inakufa, na mtoto haanguki wala mdomo haupindi. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa zaidi ya robo ya watoto wenye aina kali ya selimundu hupata viharusi hivyo vya kimya kabla ya kumaliza utoto. Nyumbani hakuna anayegundua chochote, ila shuleni mtoto anaanza kushuka.

Ongezeni malaria iliyopanda kichwani. Kampala, Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto walionusurika nayo, na miaka miwili baadaye mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuzingatia. Ongezeni homa ya uti wa mgongo, kifafa, watoto waliozaliwa bila kulia, na bodaboda zinazobeba watatu bila kofia. Halafu waje kwangu wote, darasa moja, mwalimu mmoja.

Nina mwanafunzi ambaye ukimwambia "funga dirisha, chukua chaki, kaa", atafunga dirisha na kusimama hapohapo akikutazama. Si mkaidi. Maagizo mengine mawili yamekwishamponyoka. Pembeni yake yupo mwingine ambaye maagizo kumi anayafuata, lakini akitakiwa kusoma sentensi anaibuni kutokana na picha. Kwenye ripoti ya muhula wote wawili wana alama zilezile na maoni yaleyale, "aongeze bidii". Mimi ndiye niliyeandika, kwa sababu karatasi ile ina mstari mmoja tu wa maoni na sina kipimo cha kuniambia zaidi. Mtoto wa kwanza angesaidiwa kwa kupewa jambo moja kwa wakati, kukaa mbele, kuchorewa hatua za kazi kwenye kadi. Wa pili anahitaji kurudishwa kwenye sauti za herufi kwa mwezi mzima bila kuchekwa. Bidii haimsaidii yeyote kati yao kama inaelekezwa pasipo tatizo.

Baraza la Mitihani, NECTA, lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Mtoto asiyeona anatambulika kwa macho ya kila mtu, na shule ya Buhangija pale Shinyanga inajulikana nchi nzima kwa kuwalea na kuwafundisha wa namna hiyo. Mwenye ubongo uliojeruhiwa haonekani mpaka apimwe.

Mtaniruhusu hapa niseme jambo ambalo huenda mtaalamu atakayeletwa hatalipenda. Kipimo kinaweza kudanganya. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa karatasi na penseli Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka hutengenezea magari, Wazambia waliwashinda Waingereza. Kwa udongo walilingana. Angekuwa amebeba penseli peke yake, angerudi na habari kwamba watoto wa Zambia ni wazito. Kwetu Bagamoyo pia, Robert Sternberg na wenzake waliwapa watoto wa shule maswali ya kufikiri, wakawafundisha kwa muda mfupi usiofika saa moja namna ya kuyaendea, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, kwa baadhi sana kuliko wengine. Kilichokuwa kimepimwa mara ya kwanza kwa sehemu kubwa kilikuwa ugeni wa mtoto na mtihani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002, na kila ninapoona mtoto anaitwa "hana akili" baada ya jaribio moja la mwezi, nayakumbuka.

Basi mtaalamu asije Bugarama na mkoba uliofungwa ng'ambo. Watoto wengi wanaingia darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma na Kiswahili cha sokoni. Mtoto apimwe kwa lugha anayoiota, na kama mpimaji hana Kisukuma, awepo wa kumsaidia aliyefundishwa kutomnong'oneza mtoto majibu. Vipimo vya Kiswahili vipo. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wakiwemo Penny Holding na Amina Abubakar wametumia miaka mingi kutengeneza na kuhakiki vipimo vya ukuaji na utambuzi kwa watoto wa vijijini. Na wilayani Hai, Kilimanjaro, kipo kipimo kifupi cha kumbukumbu kwa wazee kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma. Anatajiwa maneno na kutakiwa kuyakumbuka baadaye, anaulizwa mambo ya kawaida ya mahali alipo, na anapewa njiti nne za kiberiti aige umbo aliloonyeshwa. Kiberiti tena. Sijui wataalamu hawa wana nini na viberiti, ila kwa bajeti ya halmashauri ni habari njema.

Huko Hai iligundulika kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao sita walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Watafiti hawakuishia kuwahesabu. Walichukua tiba ya vikundi inayotumika Uingereza wakaibadilisha ifae wazee wa Kitanzania, wakiwemo wasiojua kusoma: vikao 14, watu wachache, mazungumzo, nyimbo, michezo, vyakula vya zamani, kazi za mikono. Hakuna kidonge. Waliohudhuria walipimwa baadaye wakaonekana wamepata nafuu katika kufikiri. Ugonjwa wenyewe haukupona, na hakuna aliyedai umepona, lakini mzee alirudi mezani na familia yake.

Mkoa huu wa Shinyanga una sababu ya ziada ya kulitaka jambo hilo, na mnaijua. Bibi anayeamka usiku wa manane, akatoka bila nguo ya kutosha, akakutwa uani kwa jirani akiwa hajui alifikaje, kwingine ni mgonjwa wa kurudishwa kitandani. Shinyanga tumezika vikongwe waliouawa kwa mashaka ya uchawi yaliyo madogo kuliko hayo, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Karatasi ya daktari haizuii panga la mtu aliyekwisha kuamua. Lakini mtendaji wa kijiji, sungusungu na watoto wa bibi huyo wakielezwa mapema, kikaoni, kwamba ni ugonjwa wenye jina na dalili zake ni hizi na hizi, yule mwenye kutaka kiwanja cha bibi anakosa hoja.

Na wapo wachimbaji. Mwaka 2015 watu watano walitolewa hai katika mgodi wa Nyangalata baada ya siku 41 chini ya ardhi. Magazeti yalituambia walikula mizizi, vyura na wadudu. Sikumbuki kuliona gazeti lililorudi baada ya mwaka kuuliza kama wanalala, kama wanaweza kuingia chumba kisicho na dirisha, kama bado wanahesabu pesa sawasawa. Duara, yaani shimo la uchimbaji, likiporomoka, anayetoka hai tunamwambia amshukuru Mungu, na ameshamshukuru. Hewa chafu, kipigo cha jiwe kichwani na hofu ya namna ile ni majeraha yanayopimika, na tiba yake ipo: kumzungumzisha mtu kwa utaratibu uliosomewa, kumrudisha kazini hatua kwa hatua, kumfundisha kutumia daftari na kengele ya simu kushika kile ambacho kichwa hakishiki tena, kumfundisha mkewe asidhani anadharauliwa kila anaposahau.

Mtasema, Mwalimu, kuna shule hazina madawati na vijiji havina maji. Ni kweli, nimekaa humo. Hata hivyo dawati halimsaidii mtoto ambaye hatujui kwa nini hajifunzi, na kila mwaka tunamlipia kitabu, mwalimu na chumba ili ashindwe. Isitoshe, Mkataba wa Minamata katika kiambatisho chake cha C unataka nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu ziwe na mkakati wa afya ya jamii: kukusanya taarifa za afya, kufundisha wahudumu, kuelimisha watu kupitia vituo vya afya, na kuwalinda watoto na wajawazito. Mkitenga fedha kwa ajili ya hili mtakuwa mnatimiza ahadi ambayo taifa limekwisha kuiweka.

Watu wa kuanzia nao wapo nchini. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha saikolojia tiba. Moshi, KCMC, wanafundisha tiba kwa vitendo, ile ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufunga kifungo na kushika kijiko. Chuo cha Patandi kinatoa walimu wa elimu maalumu. Bugando, Mwanza, kuna madaktari wa akili na kliniki ya selimundu inayopima kasi ya damu kichwani na kutoa haidroksiyurea, dawa inayopunguza hatari ya kiharusi. Kinachokosekana ni hatua ya kwanza hapa chini, mtu wa kusema huyu aende Bugando kesho, huyu tutamsaidia hapahapa, huyu hana tatizo la ubongo bali haoni ubao. Nauli ya Kahama na kisha Mwanza, kwa wawili, na malazi, haitolewi na familia kwa kubahatisha.

Nina masharti, na msiyapuuze. Majibu ya mchimbaji yasifike kwa mwajiri wake wala kwa mwenye duara bila ridhaa yake, la sivyo hakuna atakayeingia chumba hicho, na atakayeingia atafukuzwa kazi kwa kutetemeka. Majibu ya mtoto yasitumike kumhamisha shule au kumzuia kufanya mtihani. Mzazi aelezwe kwa maneno anayoyaelewa na abaki na nakala. Asipimwe mtu ambaye hakuna mpango wa kumsaidia baada ya hapo. Na watafiti wakija, wakaribishwe, lakini wakiondoka waache vifaa na angalau wahudumu wawili waliofundishwa kuvitumia.

Huyo mtaalamu akipatikana, siku zake zigawanywe: baadhi kituoni Bugarama, baadhi Segese na Lunguya, na siku moja ya kuzunguka shuleni, kwa sababu mtoto wa mwaloni haji kituoni mpaka aumwe. Mganga msaidizi, afisa ustawi wa jamii na mwalimu mmoja kutoka kila shule wafundishwe naye dalili za awali. Mimi nimejitolea kuwa mmoja wao, kwa muda wangu, bila posho.

Naomba jibu kwa maandishi kupitia kwa Mtendaji wa Kata ya Bugarama: kipengele hiki kitaingia katika mpango wa mwaka ujao au hakitaingia, na kama hakitaingia, nani alikikataa na kwa sababu gani. Nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, liwe lolote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Bugarama.